Pachi sahihi, keneli siyo: kisa cha 6.1.64 na bakapu ya 1.0M pale Moshi

Kisa hiki ni cha Desemba 2023, seva moja ya ofisi ya kununua kahawa pale Moshi. Mpaka leo nakutana na watu wanakisimulia kama "Debian iliharibu data" basi, wanaishia hapo (Debian ni mfumo endeshi wa familia ya Linux). Ukikifuata mpaka kwenye kodi unakuta hakuna mtu aliyeandika kitu kibovu. Pachi, yaani kipande cha marekebisho ya kodi, ilikuwa sahihi, aliyeiandika anaijua kazi yake kuliko mimi na wewe, na iliingia kwenye keneli ya zamani, yaani toleo la zamani la kiini cha Linux, bila kulalamika hata mstari mmoja. Hapo pa kuingia bila kulalamika ndipo pa kukaa napo.

Seva yenyewe ya kawaida tu: Debian 12, hifadhidata ya MariaDB, mfumo wa mizani na malipo ya wakulima, data iko kwenye LVM (inayogawa diski na kupiga snapshoti, yaani nakala ya papo hapo), pembeni diski ya nje ya bakapu yenye ext4, mfumo wa kupanga mafaili kwenye diski. Kila usiku skripti inatengeneza snapshoti, halafu `dd`, programu ya kunakili data, inaivuta nzima kwenda kwenye diski ya bakapu kwa `bs=1M oflag=direct` (kipande cha 1M kwa zamu), ikimaliza bila kosa inafuta bakapu ya zamani kuliko zote. Hiyo `oflag=direct` haikuwekwa kwa mbwembwe, ni ili data ya bakapu ipite moja kwa moja mpaka diski bila kujaza RAM, maana bila hivyo asubuhi MariaDB inaamka inakuta kashe yake imefukuzwa yote na wale wa mizani wanaanza kupiga simu. Mtu aliyeandika ile skripti alifikiria vizuri.

Jumamosi ya tarehe 9 Desemba, sikukuu ya Uhuru, Debian wakaanza kutoa 12.3. Ndani yake keneli ilitoka 6.1.55 kwenda 6.1.64, kifurushi kinaitwa `linux-image-6.1.0-14-amd64`. Siku hiyohiyo wakagundua kuna shida ya ext4 kuharibu data, wakasimamisha picha za kusakinishia 12.3, wakaomba watu wasiapdeti kwa sasa na waliowasha unattended-upgrades (apdeti zinazojiendesha) wawe makini. Tangazo zuri, limetoka kwa wakati, ila nani analisoma siku ya Uhuru, na seva imefungiwa kwenye chumba nyuma ya stoo. Jumapili saa 12 asubuhi taima ya apt, kisakinishi cha Debian, ikafanya kazi yake kama ilivyopangwa, keneli mpya ikaingia.

Hapo bado hakuna tatizo, maana keneli ikisakinishwa inakaa tu mpaka uriboti, na mipangilio yao haikuruhusu seva kujiriboti. Sasa mnakumbuka kipindi kile ni mgao wa umeme nchi nzima. Umeme ukakatika mchana, betri ya UPS imeshachoka siku nyingi, seva ikazima, umeme uliporudi ikawaka yenyewe na keneli mpya. Kwahiyo kitu pekee kilichokuwa kinawalinda, kwamba hakuna atakayeriboti mpaka mtu aje, kilikuwa kinategemea betri.

Hakuna aliyepigiwa kelele na mfumo. Mizani zinafanya kazi, malipo yanatoka, logi safi. Aliyeona ni dogo wa pale ofisini anayeangalia ripoti ya asubuhi, na alichoona siyo kosa, ni neema.

"Shikamoo kaka, diski ya bakapu imeongezeka nafasi."

"Marahaba. Imeongezeka vipi tena, kuna mtu kafuta?"

"Hakuna aliyefuta, na bakapu ya jana imeandika imekamilika, ila faili ni kadogo."

Akanitumia picha ya skrini. Logi ya `dd` inasema `42949672960 bytes (43 GB, 40 GiB) copied, 1153.2 s, 37.2 MB/s`, hakuna kosa, na skripti imeshafuta ile ya zamani kuliko zote kama kawaida yake. Chini yake `ls -lh` inaonyesha faili la bakapu ni 1.0M. Gigabaiti 40 zimeandikwa, muda umetumika kama siku zote, na kilichobaki ni megabaiti 1. Hiyo picha ningeiweka fremu.

Kitu cha kwanza ni kuzima skripti kabla usiku haujafika, maana kila ikizunguka inafuta bakapu nzima moja na kuweka kiporo cha 1.0M. Kwa kasi hiyo ndani ya wiki wangebaki na folda iliyojaa majina mazuri ya tarehe, ndani hamna kitu. La pili ni kujua kama data ya MariaDB yenyewe imeguswa, na hapa ndipo mama mhasibu akaingia kwenye simu, na swali lake lilikuwa moja tu: "Mwanangu, hela za wakulima zipo au hazipo?" Zipo mama. Lakini ili nimjibu hivyo kwa uhakika ilibidi kwanza nijue kimetokea nini, siyo kukisia.

Jaribio la kuionyesha shida ni jepesi mpaka linakera, fanya kwenye folda yoyote ya ext4:

`dd if=/dev/urandom of=a bs=1M count=8`
`dd if=a of=b bs=1M oflag=direct`
`cmp a b`

Kwenye 6.1.55 `cmp` inakaa kimya, mafaili yanafanana. Kwenye 6.1.64 faili `b` linatoka na 1M, na ndani yake ni kile kipande cha 8, cha mwisho. Vipande 7 vya mwanzo vimeandikwa kweli, ila kila kimoja kimeandikwa juu ya mwenzake, palepale mwanzo wa faili. Ni sawa na karani wa mizani anayeandika kila gunia kwenye mstari uleule wa daftari: kila gunia kaliandika, hajaruka hata moja, ila jioni ukifungua daftari unakuta gunia moja.

Sasa twende kwenye keneli, taratibu kidogo maana hapa ndipo utamu ulipo.

Programu ikiandika faili kwa `write()` haisemi iandikwe wapi, keneli ndiyo inakumbuka tulifikia wapi na kusogeza ile nafasi kila baada ya kuandika. Kwa uandishi wa moja kwa moja kwenye ext4 kazi hiyo imegawanywa kwa watu wawili. Kuna ext4 yenyewe, na kuna tabaka la pamoja linaloitwa iomap ambalo mafaili sistimu kadhaa yanalitumia. iomap ikimaliza kuandika inaiuliza ext4, "mimi nimemaliza, wewe una la kusema?" na ext4 inajibu kwa namba. Kwenye 6.1, ndani ya `iomap_dio_complete`, utaratibu ni huu: jibu likiwa 0, yaani sina tatizo, iomap inahesabu baiti zilizoandikwa na kusogeza nafasi. Jibu likiwa kitu kingine chochote haisogezi, maana enzi hizo kitu kingine chochote maana yake ni kosa.

Upande mwingine, Jan Kara, mmoja wa watu wanaoijua ext4 kwa undani, akaandika pachi ya kurekebisha bagi, yaani hitilafu ya kodi, ya kweli kabisa. Ukiandika faili kwa uandishi wa moja kwa moja pamoja na O_SYNC (programu haiambiwi tayari mpaka data ifike diski), na faili likawa linarefuka, ule ukubwa mpya wa faili ulikuwa hauhakikishwi umefika diski kabla programu haijaambiwa tayari. Umeme ukikatika hapo, data ipo kwenye diski ila faili linarudi fupi, mkia umepotea, wakati programu iliahidiwa kwamba kila kitu kiko salama. Ni komiti (badiliko lililorekodiwa kwenye kodi) `91562895f803`, na ili kuirekebisha kazi ya kurefusha faili ikahamishiwa ndani ya lile jibu ambalo ext4 inampa iomap. Kwahiyo sasa ext4 haijibu tena 0, inajibu idadi ya baiti.

Pachi hii iliandikwa juu ya keneli iliyokuwa inaelekea kuwa 6.7, na kule jibu la namba chanya halina shida yoyote, kwasababu tangu 6.5 kulikuwa na komiti nyingine, `936e114a245b` ya Christoph Hellwig, iliyohamisha ule msogeo wa nafasi ukaja chini kidogo kwenye funksheni, na sharti likawa ni jibu kuwa kubwa kuliko 0. Komiti hiyo ukiisoma peke yake ni usafi tu wa kodi. Hairekebishi bagi, hakuna mtu angeipeleka kwenye keneli ya zamani, na kwa sheria za matoleo thabiti, yale ya zamani yanayopokea marekebisho tu, haikustahili kwenda. Ila pachi ya ext4 ilikuwa imesimama juu yake.

Tarehe 28 Novemba 6.1.64 ikatoka ikiwa na pachi ya ext4, bila ile ya iomap. ext4 mpya inajibu "baiti 1048576", iomap ya zamani inaona siyo 0, haisogezi nafasi, halafu ile namba inapanda mpaka kwa programu kama jibu la `write()`, na `write()` ikirudisha 1048576 maana yake ni nimeandika zote. Ndiyo maana `dd` ilikuwa na furaha. Hakuna mtu aliyedanganya, kila upande uliongea ukweli wake kwa lugha ya toleo lake.

Na hapo ndipo jibu la mama mhasibu linapotoka. MariaDB nayo inatumia O_DIRECT, uleule uandishi wa moja kwa moja, kwenye mafaili ya InnoDB, injini yake ya kuhifadhi data, kwahiyo mtu akisoma tangazo kijuujuu anaweza kuzimia. Lakini InnoDB haiandiki kwa kutegemea keneli ikumbuke nafasi, kila ombi linabeba nafasi yake lenyewe, andika ukurasa huu kwenye baiti hii. Nafasi ya keneli isiposogea haimhusu. Tulipitisha ukaguzi wa majedwali hata hivyo, yakawa mazima, ila kusema kweli nilishajua kabla ya kukagua. Aliyeumia ni yule anayeandika mfululizo kwa `write()` akiwa na O_DIRECT, na kwenye seva ile alikuwa mmoja tu, naye ni bakapu.

Sasa kuhusu kurudisha pachi nyuma, yaani kuitoa kwenye keneli mpya na kuiweka kwenye ya zamani. Watu wengi wakisikia kazi hii wanadhani ugumu uko kwenye migongano, ile `git cherry-pick` (amri ya git, kitunza kodi, ya kuchukua komiti moja na kuiweka kwingine) inakutemea faili lenye alama za `<<<<<<<` unaanza kuchambua. Mimi naona mgongano ni bahati. Pachi ikigoma kuingia inakulazimisha usome, ujue kwanini hapa pamebadilika, nani kapabadilisha, toleo gani. Hii ya ext4 haikuwa na mgongano kwasababu faili ililoligusa ni la ext4 na kitu ilichokitegemea kiko faili lingine, folda nyingine, `fs/iomap/direct-io.c`. Git inalinganisha mistari, haijui kwamba funksheni ya huku imebadilisha maana ya jibu lake na msikilizaji yuko kule. Kompaila nayo haijui, namba ni namba.

Alama zinazowekwa kwenye komiti hazikusaidii hapa vilevile. Ile `Fixes:` inakwambia bagi ilianza komiti gani, kwahiyo unajua keneli ipi inayo na ipi haina, na hilo ni la maana sana. Dirty Pipe, tundu la usalama la 2022, kwa mfano ilianza kuwa hatari kuanzia 5.8, mtu mwenye 4.19 alikuwa anahangaika bure. Ila `Fixes:` inaongelea ugonjwa ulipoanzia, haisemi dawa inahitaji nini ili ifanye kazi. Sheria za matoleo thabiti zina nafasi ya kuandika utegemezi, kwenye ule mstari wa `Cc: stable@vger.kernel.org` unaongeza namba ya toleo na komiti ambazo lazima zitangulie. Lakini anayeandika pachi anafanya kazi kwenye keneli ya leo, ile komiti ya iomap kwake ni sakafu anayokanyaga, atakumbukaje kuitaja? Na upande wa pili wapo akina Greg Kroah-Hartman na Sasha Levin wanaopitisha mamia ya pachi kwa kila toleo, na muda wa kukagua toleo la majaribio kwa kawaida ni kama saa 48. Mimi simlaumu yeyote hapo, ila pia sikubali ile hoja kwamba sheria ya pachi isizidi mistari 100 inatosha kama kinga. Udogo wa pachi hauelezi chochote kuhusu imesimama juu ya nini.

Marekebisho yakaja haraka: 6.1.66 ilitoka tarehe 8 Desemba ikiwa imeleta ile komiti ya iomap nyuma kwenye 6.1, na Debian wakaruka 12.3 wakatoa 12.4 tarehe 10 wakiwa na keneli hiyo, `6.1.0-15`. Kisa kingeishia hapo kama siyo kwamba 6.1.66 yenyewe ilibeba ugonjwa wa ukoo uleule. Kulikuwa na pachi ya wifi, kwenye cfg80211, ambayo kwenye keneli mpya ilikuwa sawa kwasababu kule kufuli moja la zamani, la kuzuia kazi mbili zisigusane, lilishaondolewa. Kwenye 6.1 kufuli bado lipo, na njia kadhaa za makosa kwenye ile pachi zilikuwa zinatoka kwenye funksheni bila kulifungua. Anayekuja nyuma anasubiri kufuli milele, wifi inaganda. 6.1.67 ikatoka tarehe 11 kuiondoa pachi hiyo. Ndani ya wiki 2, pachi mbili, watu tofauti, sehemu tofauti kabisa za keneli, na sababu ni ileile: sakafu ya kule siyo sakafu ya huku.

Kwahiyo uamuzi wa seva ya Moshi ulikuwa hivi. Tulikuwa na keneli 3 za kuchagua kwenye GRUB, menyu ya kuwashia mashine: -13 ya zamani, -14 mbovu, -15 yenye shida ya wifi. Dogo alitaka kurudi -13 na kukaa hapohapo mpaka mwakani, na namwelewa, lakini kati ya 6.1.55 na 6.1.66 kuna marekebisho mengi ya usalama na seva inafikika kutoka nje. Seva haina kadi ya wifi, iko kwenye kebo. Bagi ambayo kodi yako haipiti hapo, kwako siyo bagi. Tukaenda -15, tukarudia lile jaribio la `dd` na `cmp`, likapita, tukaiondoa -14 kabisa kwenye mashine ili siku umeme ukizingua tena isijichague, halafu tukapiga bakapu mchana ule ule bila kusubiri usiku.

Ubishi mkubwa ulikuwa Arusha. Sisi kule tuna viboksi vya kurekodi kamera kwenye loji, vina keneli yetu tunayoijenga wenyewe kutoka 6.1 na pachi zetu chache za draiva juu, na mti wetu wa kodi ulikuwa umeshavutwa mpaka 6.1.64, kwa bahati ulikuwa bado mezani haujaenda porini. Rekoda inaandika video mfululizo kwa O_DIRECT, yaani ingekuwa kilio. Chalii mmoja wa timu akasema jibu liko wazi, tufanye `git revert` ya pachi ya ext4, tumemaliza, tunarudi tulivyokuwa. Kwenye karatasi ana haki, kuondoa ndiyo njia salama kuliko kuongeza. Lakini turudi kwenye ile bagi ya mwanzo, pachi ya ext4 ilikuja kutibu nini? Faili kurudi fupi baada ya umeme kukatika. Kiboksi cha loji kinachoendeshwa na sola na jenereta, kinachozimwa kwa kuchomolewa ukutani, na rekoda yetu inafungua faili kwa O_SYNC makusudi kabisa kwa ajili hiyo. Kama kuna watu duniani walioandikiwa ile pachi ni sisi. Ukiiondoa unarudi kwenye ugonjwa wako mwenyewe.

Chaguo la pili ni kuchukua `936e114a245b` sisi wenyewe kwa `cherry-pick -x`. Hapo nikakataa kwa sababu ileile ya kisa chote: tunajuaje kwamba hiyo nayo haijasimama juu ya nyingine? `git log v6.1..v6.5 -- fs/iomap/direct-io.c` inakupa orodha, na kila komiti kwenye hiyo orodha ni swali la kujibiwa na mtu anayeijua iomap, na ofisini kwetu huyo mtu hayupo. Waliokuwa wameshafanya kazi hiyo ni walewale wa 6.1.66, na wengi wameshaipima. Tukasubiri, na kwa kuwa viboksi vyetu vingine viko kwenye wifi tukairuka 6.1.66 tukavuta 6.1.67.

Kilichobadilika kwenye kazi ni kidogo. Kila tukivuta toleo jipya la 6.1 kuna mashine ya mezani inaandika faili kwa njia zote ambazo rekoda inazitumia, inalisoma tena na kulilinganisha, halafu tunaichomoa umeme katikati ya kuandika na kurudia. Pachi tunazorudisha wenyewe, zile za draiva, anayezileta anaandika kwenye maelezo ya komiti ni funksheni gani za nje ya faili lake zinatumika na kama maana ya jibu lake imebadilika kati ya toleo alilotoa na toleo analopeleka. Inachosha, na kuna mtu kila mara anauliza kama ni lazima.

Moshi wao wamenunua betri ya UPS, na skripti ya bakapu sasa haifuti ya zamani mpaka `cmp` ya faili na snapshoti ipite na ukubwa ulingane. Inaongeza muda karibu mara 2 na dogo alilalamika. Mama mhasibu akamwambia aache iende mpaka asubuhi kama inataka.